Yule Mkristo wa kijiweni hajawahi kuishi Tabora

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Tabora mjini, iwe Gongoni, Ng'ambo au Kanyenye, baada ya swala ya alasiri. Haitachukua muda utasikia maneno yanayoanza na "Wakristo bwana". Wakristo bwana, dini yao ya Wazungu. Wakristo bwana, walevi. Wakristo bwana, nchi hii walipewa wao. Siku hizi limeongezeka jingine: Wakristo bwana, mchungaji akiwaambia ruka, wanaruka. Husemwa bila hasira, kikombe kikipita mkono kwa mkono. Wanaosema si watu wabaya. Wengi wana shemeji, mjomba au mkamwana Mkristo, na msiba ukitokea upande huo ndio wanaowahi kuchimba kaburi.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa mji huu, na maneno hayo nayasikia tangu nikiwa mtoto wa madrasa. Nayaandikia leo kwa kuwa yamenichosha, na kwa kuwa mji wenyewe unayakanusha. Mkristo anayesemwa kijiweni sijawahi kukutana naye. Nimekutana na Wakatoliki, Wamoravian, Waanglikana, Wapentekoste na Wasabato, na ndani ya kila kundi nimekuta watu wasioelewana hata wao kwa wao.

Chukua wiki moja tu ya Tabora. Jumamosi Wasabato wako kanisani na maduka yao yamefungwa. Jumapili Wakatoliki wanamiminika misani, na jimbo lao kuu lina askofu mwenye cheo cha kardinali, Protase Rugambwa, aliyepewa cheo hicho Septemba 30, 2023. Wamoravian wana makao makuu ya jimbo lao la magharibi hapa hapa. Waanglikana wana dayosisi. Wapentekoste wana makanisa makubwa ya matofali na vibanda vya mabati. Sasa ile tuhuma ya ulevi tuitundike kwa nani? Mkatoliki akinywa bia moja baada ya misa, padri wake hamwoni amekosa, ilimradi asilewe. Mpentekoste akionekana na chupa hiyohiyo, anaweza kutengwa na kanisa lake. Msabato hali nguruwe, sawa na mimi, kisha anakataa hata kambale kwa sababu hana magamba. Mimi kambale namla. Tukikaa meza moja, mwenye masharti mengi ni yeye.

Na wao kwa wao wanasemana vilevile. Mlokole atakwambia Wakatoliki wanaabudu sanamu, Mkatoliki atakwambia walokole wanapiga kelele usiku kucha na kumfuata kila anayejiita nabii. Ni ugonjwa uleule wa kijiweni kwetu, umehamia uani kwa jirani.

Watu hupenda pia kutaja asilimia: sisi ni kadhaa, wao ni kadhaa. Sensa ya mwisho iliyomuuliza Mtanzania dini yake ni ya mwaka 1967. Sensa zote zilizofuata, pamoja na ile ya 2022 iliyoukuta mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 3.3, hazikuuliza. Anayekutajia asilimia kamili kijiweni anabahatisha.

Lakini nirudi kwenye lile la dini ya Wazungu. Ndilo kongwe, na ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linamfanya Mnyamwezi Mkristo aonekane mgeni kwenye ardhi alikozikwa babu yake.

Barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora hii, na kugawanyika kwenda Ujiji, Karema na Ziwa Viktoria, ilipitisha vitu vingi: pembe za ndovu, vitambaa, bunduki, na watu waliofungwa minyororo. Ilipitisha dini pia, na si kwa namna tunayoisimulia.

Oktoba 1873 liliingia Unyanyembe kundi la watu wapatao sitini, wakitokea kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wamebeba maiti ya mmisionari Mprotestanti, David Livingstone. Waliikausha kwa chumvi na jua, wakaizungushia kitambaa, gome la mti na turubai, wakaifunga kwenye mti ili ibebwe mabegani. Kwihara, kilometa chache kutoka hapa mjini, walimkuta Mwingereza, Luteni Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Waliposonga mbele kuelekea pwani, wakapata habari kwamba wenyeji wa huko hawataki maiti ipite katika nchi yao. Wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, kumbe wameifunga upya ifanane na robota la nguo, na safari ikaendelea. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili wa yule Mprotestanti ukapokelewa kwenye misheni ya Wakatoliki.

Viongozi wa msafara ule walikuwa akina nani? Jacob Wainwright alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa kwenye shule ya misheni ya Nashik, Bara Hindi. Ndiye aliyesoma sala ya maziko kule Chitambo, moyo wa Livingstone ulipofukiwa chini ya mti, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti huo, na ndiye aliyesindikiza mwili hadi London, akawa mmoja wa waliobeba jeneza Westminster Abbey Aprili 18, 1874. James Chuma, naye Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa amebatizwa Bombay. Abdullah Susi, mwenyeji wa Bonde la Zambezi, alikuwa Mwislamu wakati huo. Alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, miaka kumi na mitatu baada ya safari ile. Na wapagazi wengine walikuwa na imani za mababu zao.

Hebu litazame kundi hilo lilipokuwa limesimama Kwihara. Aliyejua kusoma sala ya Kikristo kwenye pori lile alikuwa Mwafrika. Mzungu aliyekuwa hai pale ndiye aliyetaka safari iishie njiani. Na miongoni mwa walioapa kuimaliza alikuwamo Mwislamu. Wainwright baadaye alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi na wamisionari, akafia Urambo mwaka 1892. Urambo hiyohiyo tunayoijua kwa tumbaku. Mtu akiniambia Ukristo wa huku uliletwa na Wazungu peke yao, namtajia huyo Myao aliyefia Urambo.

Miaka mitano baada ya msafara wa Susi na wenzake, mwaka 1878, ulipita msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, kwa ajili ya kazi kati ya Waislamu wa Afrika Kaskazini. Lavigerie aliwavisha mapadri wake nguo za watu wa huko: kanzu nyeupe, joho jeupe, kofia nyekundu ya tarabushi, na rozari shingoni kama tasbihi ya masheikh wa Sahara. Ni Wafaransa, ndiyo, lakini walipita hapa Unyanyembe na vazi walilolichukua kwa Waislamu. Wengine wakaendelea hadi Ujiji, wengine hadi Buganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakafungua kituo Kipalapala, walikolea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 walilazimika kukiacha kwa uhasama wa Mtemi Isike wa Unyanyembe. Huko Urambo, Mtemi Mirambo, ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu, alikuwa amemkaribisha Ebenezer Southon wa London Missionary Society tangu mwaka 1879. Mtemi mmoja anafukuza, mwingine anakaribisha, kila mmoja kwa hesabu zake za utawala na biashara. Dini haikuwamwagikia watu waliokaa kimya kuipokea. Walichagua, walikataa, walijadiliana.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kwenye nchi za Mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa Sahara na kuuzwa. Mapadri wa Lavigerie walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea uganga wa kisasa, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya kupita njia hii ya misafara. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa Karema na vijiji vya ziwani kama daktari na kuwafundisha dini kama katekista kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Alimuoa Agnes Wansahira, binti wa huko huko, na mtoto wao Joseph akawa padri. Mwafrika wa Mali, aliyesomea Malta, akazikwa Karema. Kijana akimwita mtu kama huyo kibaraka wa Wazungu, najua hajawahi kusoma habari zake.

Sikatai kwamba misheni na ukoloni vilitembea bega kwa bega mara nyingi. Ngome ya Karema yenyewe mapadri waliirithi mwaka 1885 kutoka chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na hilo halifutiki. Lakini Wajerumani walipokuja kutawala, waliajiri Waislamu wa pwani kuwa maakida na maliwali, na wamisionari wakalalamika kwamba serikali inaupa Uislamu nguvu bara. Tukitaka kuhukumu dini kwa kuangalia nani alimtumikia mkoloni, kesi itatugeukia na sisi. Nami nisingekubali babu zangu wahukumiwe kwa sababu ya akida mmoja.

Neno la tatu, la kupendelewa, lina mzizi wa kweli ndani yake, na ndiyo maana linahitaji uangalifu. Wakati wa Waingereza shule nyingi zilikuwa za misheni. Mzazi Mwislamu aliogopa mwanawe asibadilishwe dini, na mara nyingi hofu hiyo haikuwa ya bure. Matokeo yake, tulipokaribia uhuru, waliosoma wengi walikuwa wametoka mikononi mwa mapadri na wachungaji. Tabora ilishuhudia kwa karibu hofu iliyotokana na pengo hilo. Mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958, ambao historia inauita wa Uamuzi wa Busara, ulifanyika hapa, kujadili kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kupiga kura kulihitaji elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Waislamu wengi waliokijenga chama tangu mwanzo, wenye biashara ndogondogo na elimu ya chuoni, waliona mlango unafungwa usoni mwao. Mwaka huohuo Sheikh Suleiman Takadir, mzee mkubwa wa TANU, alisema wazi kwamba Nyerere atawapendelea Wakristo wenzake, na akafukuzwa chamani.

Malalamiko ya elimu yalikuwa ya haki kabisa. Serikali yenyewe iliyakubali kwa vitendo ilipotaifisha shule za mashirika ya dini kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na mjadala kuhusu kama ilitosha ungali halali. Kinachonisumbua ni mahali malalamiko hayo yanapotua leo. Hayatui kwenye sera wala kwenye bajeti. Yanamtua mkulima wa Kaliua mwenye ekari mbili za tumbaku, ambaye jina lake ni Petro, na ambaye baba yake hakuwahi kukanyaga darasa la misheni wala la serikali. Yeye alipewa nchi gani? Ana deni la mbolea kama Ramadhani wa jirani, na wote wawili wanasubiri malipo ya chama cha msingi.

Tena Tabora hii ndiyo iliyotoa mfano wa kinyume. Julius Nyerere alisoma Tabora School kuanzia 1937 hadi 1942, shule ya serikali iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa watemi, na alipomaliza alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa Desemba 1943. Baada ya Makerere alirudi hapa kufundisha shule ya St. Mary's ya Mapadri Weupe. Abdallah Fundikira, Mwislamu, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alipita Tabora School hiyohiyo na Makerere hiyohiyo, akawa Waziri wa Sheria katika baraza la kwanza la nchi huru. Mwaka 1963 alijiuzulu kwa kutokubaliana na mwelekeo wa siasa. Yeye na Nyerere hawakugombana kwa sababu ya msikiti na kanisa.

Sasa walokole. Hapa kijiwe hakina huruma hata kidogo. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakiwania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wazee kijiweni walitikisa vichwa: ndivyo walivyo, hawataki hospitali, akili wamemkabidhi mchungaji.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka Dar es Salaam na Nairobi. Waliolipua walitaja jina la dini yangu. Kwa miaka iliyofuata mtu mwenye jina kama langu alitazamwa mara mbili uwanja wa ndege, na sisi kijiweni tuliumia sana, tukasema kwa haki kabisa kwamba watu wale hawatuwakilishi. Haki hiyohiyo tunamnyima mama wa Kipentekoste anayeuza karanga Soko Kuu, ambaye alilia alipoona picha za Shakahola kama tulivyolia wengine. Viongozi wa makanisa ya Kenya waliulaani uovu ule hadharani, lakini maneno yao hayakufika kijiweni.

Na kuhusu hospitali, nenda Nkinga, wilaya ya Igunga. Hospitali kubwa ya Nkinga, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka mkoani kote na nje ya mkoa, ni mali ya kanisa la Kipentekoste, FPCT. Walokole wenyewe. Wamelala hapo Waislamu wengi kuliko tunavyokumbuka kusema, wakapasuliwa, wakajifungua, wakarudi nyumbani. Kule Ndala, Nzega, hospitali ni ya Wakatoliki. Sikonge ni ya Wamoravian. Anayesema walokole hawataki hospitali, huenda yeye mwenyewe alizaliwa kwao.

Neno likirudiwa sana, huwa haliishii kijiweni. Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja ulifika mahali watu wakapigana, na mchungaji mmoja wa Kipentekoste akauawa. Kabla ya siku ile palikuwa na miezi ya maneno: Wakristo wanataka kutulisha kibudu, Waislamu wanataka kutufanya raia wa daraja la pili. Kila upande ulikuwa unapigana na mtu wa kubuni, na aliyekufa alikuwa mtu wa kweli, mwenye familia. Kutoka Buseresere hadi hapa si mbali. Basi la asubuhi linakufikisha siku hiyohiyo.

Desturi ya kuchinja ni ya zamani kwetu: Mkristo mwenye sherehe humwita jirani Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote aweze kula. Hakuna sheria ya dini yake inayomlazimisha. Hufanya hivyo kwa ajili yetu, na sisi tumeizoea heshima hiyo hadi tunaiona kama haki yetu ya kuzaliwa, wala hatukai kufikiria inamgharimu nini.

Jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa la Moravian, alipomwoza binti yake alinijia siku mbili kabla. "Ustadhi," akaniambia, "ng'ombe ni wako. Ila kuna jambo." Jambo lenyewe lilikuwa mdogo wake, mlokole, aliyetoka Mwanza na familia yake kwa ajili ya harusi. Kwa imani ya yule ndugu, nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine asingeweza kuila. Kaka mtu alikuwa amejaribu kumshawishi usiku kucha, akashindwa. "Mimi kwangu ni kitoweo tu," akasema yule mzee. "Kwa mdogo wangu ni ibada. Na dada yetu Mkatoliki anatushangaa wote wawili." Alikuwa na aibu, akidhani nitaudhika.

Nilimwambia yule mzee kwamba mdogo wake nimemwelewa kuliko anavyodhani. Mimi mwenyewe nisingekula alichochinja yeye. Tukakubaliana papo hapo, pale uani. Asubuhi ya Jumamosi ng'ombe nilimchinja mimi. Ndugu yake alichinja kuku sita upande wa pili wa nyumba, akawaombea kwa namna yake, na wanawake wakafunga vitambaa vyekundu kwenye vishikio vya sufuria zake ili wapakuzi wasichanganye. Mchana alinitafuta kwenye turubai akitaka tukae wote. Kila mmoja alikuja na sahani yake, na tulizungumza bei ya mpunga hadi bibi harusi alipoingia.